Msemaji na Chumba cha Kando ya Mto

Jana saa nne asubuhi nilifika kijiweni kwa Amne, pale Old Korogwe njia inaposhuka mtoni, nikakuta kahawa imepoa vikombeni. Ukiona watu wa pale wameacha kahawa ipoe, jua kuna mtu anasulubiwa.

Isaka, tunayemwita Bando kwa sababu simu yake haikosi intaneti, alikuwa ameinyanyua kila mtu aone.

"Sikilizeni kichwa cha video hii. 'Mji mdogo wa mtoni: utamaduni, burudani na maisha nafuu.' Watu laki moja wameshaangalia. Na anayeongea ni nani?"

Hakuna aliyehitaji kuuliza. Mhina fundi viatu, jina la kijiweni Msemaji, alikuwa amekaa kifua mbele. Wiki iliyopita alipita kijana wa kamera kutoka Dar, akauliza nani ataongea. Sisi wengine tulitazama chini. Mhina alishasimama kabla swali halijaisha.

"Hapa unafua suruali," alisema Mzee Mdoe, akisogeza miwani. "Wameandika 'mwenyeji akijiburudisha mtoni'."

"Sasa mzee, nilikuwa naburudika."

"Bomba lilikuwa limekauka siku ya tatu, Mhina. Mimi nilikuwa nyuma yako na ndoo, na sikuburudika hata kidogo."

Amne alikuwa akiosha vikombe, lakini masikio yalikuwa kwetu. "Umesema pia kila jioni tunacheza ngoma ya Kizigua. Wewe mara ya mwisho umecheza lini?"

"Harusi ya Misima."

"Ile ya mwaka juzi? Uliyoteguka mguu wimbo wa kwanza?"

"Utamaduni ni utamaduni, Amne. Hata ukiteguka."

"Tulieni, utamu uko hapa," alisema Bando, akaongeza sauti. Mhina wa kwenye simu akanguruma: napanga kwa Bi Mwanaisha, chumba safi, dirisha linatazama mto, upepo wa bure, elfu kumi na tano tu kwa mwezi, na mama wa watu hajapandisha kodi mwaka wa sita huu.

Mzee Mdoe alivua kofia, akaikagua, akaivaa tena.

"Ukamtaja na jina."

"Nilikuwa namsifu, mzee."

"Mtu amekusahau miaka sita, wewe unakwenda kumkumbusha kwa kipaza sauti?"

"Nimeutangaza mji. Wageni watakuja, viatu vitakatika, nitashona."

"Na watalala wapi?" aliuliza Amne.

Mhina alichukua kikombe chake cha kahawa baridi, akakimaliza kwa mkupuo. Nakiri nilifurahi.

"Kinachonikera mimi ni hilo neno nafuu," alisema Bando. "Sijaonja nyama toka Pasaka, kumbe kuna watu Dar wananionea wivu."

Tulikuwa bado tunacheka, Bi Mwanaisha akatokea na simu mkononi. Tukamwamkia shikamoo kwa adabu ambayo kwa kawaida hatuna.

"Marahaba. Mhina, baba, mjukuu wangu kanionesha ulivyonisemea. Sikujua nyumba yangu ina hadhi hiyo. Sasa kuna binti wa Dar yuko hewani, anaitwa Glory, anakitaka chumba kwa elfu hamsini. Wewe ndiye unakijua. Mweleze."

Akaweka spika, akamkabidhi. Chumba chenyewe ndicho anacholala, na kwa pesa yake hakuna kingine mji mzima. Nilimwona akijikaza.

"Dada Glory, ule upepo nilizidisha. Ukweli ni mbu. Mbu wa huku ukifunga chandarua wanasubiri mlangoni."

"Nina dawa, kaka."

"Bati linavuja."

"Nitaweka jipya."

Mhina alitutazama, akatafuta la mwisho. "Dada, nisikufiche. Kuna mamba."

Mzee Mdoe alitikisa kichwa kumpongeza. Hata mimi niliona amejiokoa.

"Mamba wa kweli?" sauti ya Glory ikapanda. "Wanaonekana kutoka dirishani?"

Bi Mwanaisha akamwinamia Mhina, akamuuliza taratibu, "Eti wanaonekana?"

"Jua likichomoza," alisema Mzee Mdoe, ambaye hajui kunyamaza akiulizwa mwenzake. "Wanaota jua pale mchangani. Dirisha la Mhina ndilo linawaona vizuri zaidi."

Bi Mwanaisha alichukua simu yake kwa upole.

"Mwanangu Glory, samahani. Ile elfu hamsini tuliyoongea ni ya bila mamba."

Akapanda njia akiendelea kuongea. Mhina alibaki amekaa, mikono magotini, akiuangalia mto. Amne alimmiminia kahawa ya moto, na hakumwomba hela.

Mimi niliaga haraka. Napanga nyumba ya pili kutoka kwa Bi Mwanaisha, elfu kumi na mbili, na dirisha langu nalo linatazama mchangani.