Kibali cha Kulala cha Leanne Pavlich

Idara ya Uhakiki wa Homoni ilitangaza, kwa furaha kubwa na kwa herufi kubwa, kwamba kuanzia Mei mosi hakuna mtu atakayelala vizuri bila kibali.

Sababu zilikuwa nzuri, kama zilivyo sababu zote zinazochapwa kwenye karatasi yenye nembo. Kwa miaka kadhaa wanawake waliobadili jinsia walikuwa wakiwaeleza madaktari kwamba kidonge cha homoni ya projesteroni, kinachomezwa wakati wa kulala pamoja na dawa zao nyingine, kimewaletea usingizi na utulivu. Wataalamu walisema utafiti hautoshi. Idara, ambayo haikurupuki, ikahitimisha kwamba jambo lisilofanyiwa utafiti wa kutosha halijatokea. Kufanya utafiti wenyewe kulionekana ni papara. Ikaundwa kamati.

Leanne Pavlich, mmoja wa wanawake hao na dereva wa basi la shule mjini Newcastle, alikuwa wa kwanza kuitwa. Kabla ya kidonge hicho alikuwa akikesha akizunguka jikoni, kisha asubuhi anapakia watoto arobaini huku macho yanamwasha. Sasa ulikuwa mwaka wa pili analala kama watu wengine. Kifua nacho kilikuwa kimeongezeka kidogo, au ndivyo alivyoona mwenyewe, na kwa hilo hakutaka ubishi na mtu. Vidonge vilivyobaki vilikuwa vinne. Kuukosa usingizi huo tena kulimtisha kuliko alivyopenda kukiri.

"Shoga, waambie ukweli tu," rafiki yake Tamsin alimshauri, ambaye yeye kidonge hichohicho kilimfanya alie kila akiona tangazo la bima, akakiacha.

"Ukweli hauna kisanduku kwenye fomu," alisema Leanne.

Fomu ilitaka shahidi aliyemwona mwombaji akilala, awe macho muda wote, na asiwe na mapenzi naye. Leanne aliishi na mbwa. Akamwomba jirani wa ukuta wa pili, Mama Stavroula, bibi wa miaka sabini na minane, aandike anachokijua.

Kikao kilifanyika kwenye klabu ya wazee wanaocheza mchezo wa kuviringisha matufe nyasini, kwa kuwa ofisi za Idara zilikuwa zinapakwa rangi ya kutuliza wananchi. Barua ya wito ilimalizia kwa kumtaka kila mhusika aje na sahani ya chakula cha kushiriki, kwa hiyo Leanne alileta keki za nazi na chokoleti alizooka mwenyewe. Kamati ilizila wakati ikimhoji. Mwenyekiti alikuwa Bi Philippa Ashdown, mwanamke nadhifu ambaye siku hiyo alipiga miayo mara nyingi kuliko kawaida. Katibu alikuwa Neville Crutchley, mtu aliyeamini kanuni kwa moyo wake wote.

Neville alisoma ushahidi wa jirani: "Zamani nilimsikia akitembea mpaka alfajiri. Siku hizi anakoroma kama mashine ya kukatia nyasi. Sasa mimi ndiye nisiyelala."

"Huyu amesikia, hakuona," alisema Neville. "Bi Pavlich, wewe ulijuaje kwamba umelala?"

"Niliamka, bwana."

"Hiyo ni hisia binafsi."

"Sasa nilale kwa hisia za nani?"

Bi Ashdown alifuta chokoleti mdomoni na kugonga muhuri. Ombi limekataliwa, faili limefungwa. Leanne aliutazama muhuri ule. Alikuwa anafikiria kona ya pale shuleni, na watoto arobaini nyuma yake.

Hapo mlango ukafunguliwa wakaingia wanawake mia mbili na kumi na tatu, kila mmoja na sahani.

Hakukuwa na hila yoyote. Mwanasheria wa Idara alikuwa ameshauri kwamba kuwataja waliobadili jinsia peke yao ni ubaguzi, na Idara inachukia ubaguzi, hasa ukiandikwa. Kwa hiyo kanuni ilisema "mtu yeyote anayetumia projesteroni", na kila mtu ofisini alijua maana yake ni nani. Wafamasia hawakuwa ofisini. Walisoma kilichoandikwa, wakawafungia dirisha wanawake wote waliokoma hedhi, ambao nao humeza kidonge hichohicho.

Wa mbele alikuwa Bi Glenys, mwalimu mkuu mstaafu. "Philippa," alisema, akiweka mezani mayai yake ya kuchemsha yaliyojazwa viungo, "na wewe mbona umekaa upande huo? Si tulifukuzwa pamoja kwa mfamasia siku ya Jumanne?"

Bi Ashdown akakiri kwa sauti ndogo kwamba naye ana ombi, na hajalala siku tisa.

Neville alifungua kitabu cha kanuni. "Mwenye ombi hawezi kuongoza kikao. Kiti kinakwenda kwa mtu mwenye uzoefu wa dawa asiye na ombi linalosubiri." Alihesabu ukumbi mzima, kisha akamgeukia Leanne. "Ni wewe tu. Lako limeshakataliwa."

Leanne akakaa kwenye kiti. Kilikuwa bado cha moto.

"Mwombaji," Neville alimwuliza bosi wake, "ulijuaje kwamba ulikuwa unalala?"

"Nilikuwa naamka mzima, Neville."

"Hiyo ni his—"

"Neville, siku tisa. Niulize tena uone."

"Mimi namwamini," alisema Leanne. "Usingizi ni wake. Nani mwingine atajua?"

Neville aliandika kwamba kamati imekubali neno la mwanamke kuhusu usingizi wake kuwa ushahidi kamili. Kufikia chakula cha mchana wote walikuwa wamepitishwa kwa neno hilohilo. Bi Ashdown akarudi kitini, akafungua tena faili la Leanne, akaligonga muhuri bila kumtazama usoni, kisha akamtazama. "Samahani," alisema. Leanne aliitikia kwa kichwa, maana alijua uso wa mtu aliyekesha.

"Kibali cha Bi Pavlich kinaanza leo," Neville alitangaza, "kwa kuwa aliyewahi kukataliwa amekwisha kuchunguzwa. Wengine watasubiri wiki mbili za kupoza maombi, ili kila mmoja afikirie upya."

Leanne alichukua sahani yake tupu akaelekea kwa mfamasia, nusura aruke.

"Wiki mbili?" alisema Bi Ashdown. "Nani mjinga aliyeandika kifungu hicho?"

Neville alitafuta ukurasa, maana hapendi kusema jambo bila kulihakikisha.

"Ni wewe, Mheshimiwa. Uliandika pembeni kwamba watu hawa hawana haraka."