Pingamizi Langu kwa Ndoa ya Mavis

Jumapili, 1 Mei 1966
Bwana asifiwe, ingawa leo kwa shida. Kasisi ametangaza ndoa kanisani: Mavis wa duka la pai na Percy Tubbs, kondakta wa basi. Mavis wangu! Anayenimwagia mchuzi wa ziada kila Ijumaa! Na huyo Percy ana nini? Sare na masikio tu. Wimbo wa mwisho ulinishinda. Kweli, Bibi Crouch, mjane anayenipigia pasi mashati, naye ni wangu. Lakini hilo ni jambo lingine.

Jumatano, 4 Mei
Nimepata dawa. Ndoa hutangazwa Jumapili tatu, na kila mara Kasisi huuliza kama kuna mwenye pingamizi. Basi nitalitafuta. Kule baa wanasema Percy kila mara huenda Southend, mji wa pwani, kwa mwanamke fulani, na maua mkononi. Mke wa siri! Nimepiga magoti kushukuru.

Jumamosi, 7 Mei
Southend kwa treni. Mvua. Mwanamke ni mama yake. Mkarimu kupita kiasi. Kanilisha keki, kaniuliza kama mimi ndiye msimamizi wa bwana arusi. Nikasema ndiyo. Sijui kwa nini. Nimerudi na wivu zaidi: hata mama anaye mzuri.

Jumapili, 8 Mei
Nilidhamiria kunyamaza. Kisha Percy akamshika Mavis mkono katikati ya sala. Katikati ya sala! Kasisi alipouliza, miguu ikasimama yenyewe. Akataka kujua pingamizi langu. Nikasema Mavis ni wangu. Akauliza kama niliwahi kumposa. Nikasema nilikuwa bado nafikiria.

Mavis akageuka. Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniuma.

"Cyril, nimekungoja mpaka mvi zimeniota. Percy kaja, chai haijapoa keshaniposa."

Nyuma yangu Bibi Crouch naye akainuka. "Na hilo shati ulilovaa, nani kakupigia pasi?"

Kasisi akasema hakuna pingamizi hapo, tuimbe.

Jumatatu, 9 Mei
Nimelia. Nimetubu, Mungu ni shahidi. Tamaa basi, wivu basi. Mashati nimeyapeleka kwa dobi wa mtaa wa pili. Anayepokea nguo anaitwa Olive. Sauti ya upole. Kasema buluu inanipendeza. Nauona mkono wa Bwana hapo. Ila muuza maziwa aliingia, akamchekea mno. Kesho nitapita mapema, nijue huyo ni nani kwake.