Sinia ya Vipande Visivyowaka

Jumamosi, 6 Aban
Nimeweza! Nilikining'iniza kipande changu cha nailoni iliyochanganywa na unga wa melamini, nikakiwasha kwa chini. Moto ukapanda kidogo, ukafa. Melamini ikipata joto hutoa gesi za naitrojeni, oksijeni inasukumwa kando, moto unakosa pumzi. Tone liliangukia pamba niliyoitandaza chini yake likiwa limeshazimika. Pamba nyeupe! Vipande vya mwenzangu Mahlagha hudondosha moto, pamba yake huwaka kila mara. Jumanne mteja anayetengeneza soketi za umeme anakuja kutazama. Mhandisi Khosravani amesema kati yetu sisi wawili tulio kwenye majaribio ya kazi, atabaki mmoja. Sijala.

Jumapili, 7 Aban
Mpango: kumwonyesha Mahlagha sinia ya vipande vyangu, akate tamaa mapema. Alivisifu. Nikasema kama mtu yeyote aliyelelewa Isfahan: "Havina thamani mbele yako, roho yangu. Chukua."
Mtu mwenye adabu hukataa. Ukimsihi, hukataa tena. Mahlagha alisema asante, akabeba sinia.
Sinia nzima! Sasa nikileta vilevile, nitaonekana nimemwiga.

Jumatatu, 8 Aban
Nimemwalika chakula cha mchana. Nimeisifu ile sinia mpaka koo likakauka, nikingoja aseme, kama inavyompasa, kwamba ni yangu. Akasema: "Macho yako ndiyo yanayoona uzuri, mpenzi." Akajiongezea wali.
Mpango wa pili: melamini maradufu. Gesi maradufu! Nimetengeneza vipande vipya alasiri.

Jumanne, 9 Aban
Mahlagha alitangulia. Vipande vyangu mkononi mwake! Moto ukafa, pamba nyeupe. Changu kikafuata: moto ulikufa haraka zaidi. Nilianza kupumua. Mteja akakichukua, akakikunja kidogo kwa vidole. Kikakatika kama biskuti. Akajaribu cha pili. Kikakatika pia. Unga mwingi mno, nailoni haikubaki na kitu cha kushikana.
"Hiki kweli hakitaungua, binti yangu," akasema. "Kitavunjika kabla moto haujafika."
Mhandisi akampa Mahlagha kazi. Mahlagha akainamisha kichwa, akasema hastahili, anayestahili ni mimi, Delaram.
Mlango umefunguliwa! Nilipaswa kukubali papo hapo, kama yeye alivyoipokea sinia. Mdomo ukasema wenyewe: "Hata kidogo, Bi Mahlagha. Ni wewe."
Mhandisi akasema vizuri, basi tumekubaliana. Niondoke mwisho wa wiki, Alhamisi.

Alhamisi, 11 Aban
Siku yangu ya mwisho. Nimepunguza melamini, nikabadili kidogo joto la mashine. Kipande hakiwaki na kinakunjika bila kukatika! Bora kuliko vyote. Nimekitia kwenye mkoba. Jumamosi nakipeleka kiwanda cha jirani, na wataniajiri.
Mahlagha alikuja kuniaga, akauona mkoba wazi. Alikigeuza kipande kwenye mwanga na kukisifu kwa dhati. Nikamwambia si kitu, ni chake.
Safari hii atakataa. Ameenda nacho dirishani kukitazama vizuri kwanza.