Maria Anakaa Kuanzia Ukurasa wa Tatu

Jumatatu, 25 Novemba

Tangazo liko ukutani pale ukumbini Usagara. Kikundi cha maigizo kinatafuta watu wa mchezo wa Krismasi, wa kutazamwa na familia nzima. Mchujo Jumamosi. Damari nimemfunga mgongoni, Daniel nimemshika mkono, mkono wa pili kapu la sokoni. Nikaomba kuusoma mchezo wenyewe. Mwalimu Rafaeli, mkuu wa kikundi, akanipa karatasi zake na kuniomba nisizilowanishe kwa samaki.

Nimesoma nikiwa nimesimama. Yusufu anatembea tu. Wachungaji wanakimbia. Malaika anasimama juu ya meza. Maria anakaa. Anakaa kuanzia ukurasa wa tatu mpaka mwisho, na ana sentensi tisa.

Mazoezi mara tatu kwa wiki, saa mbili kila mara. Saa sita za kukaa. Sikumbuki mara ya mwisho nimekaa muda huo, labda foleni ya kliniki, na hapo nilikuwa nimepakata.

Jioni nimemweleza baba watoto. Amesema nikipata nafasi atashika watoto siku zote za mazoezi. Alikubali haraka, kama mtu anayeahidi kujenga ghorofa. Nikamwambia arudie mbele ya Daniel. Akarudia. Daniel ana miaka minne lakini ahadi haisahau.

Jumanne, 26 Novemba

Queen naye anataka Maria. Queen ana saluni huku kwetu Mabawa, anaimba kwaya, hana mtoto, analala saa nane mfululizo. Ngozi yake inatangaza.

Nilipopita saluni kaniambia mbele ya wateja kwamba Maria alikuwa bikira, shoga, sasa wewe huyo wa mgongoni umemwokota wapi? Alicheka mpaka aliyekuwa na kichwa ndani ya draya. Nikamjibu kwamba akifika jukwaani Maria ameshajifungua, na kwenye kujifungua mwenye uzoefu hapa ni mimi. Wakacheka tena, ila kidogo.

Nikiwa naanika nepi nikapata wazo. Mwalimu Rafaeli kila mwaka analalamika kwamba mchezo hauna upwani, watu wanajifunika mashuka na kutetemeka kwa baridi ambayo Tanga hatuna. Kwetu huku mzazi, aliyetoka kujifungua, hakai. Mzazi analazwa. Anafunikwa, anapikiwa uji wa pilipili manga, hagusi kazi siku arobaini.

Kwa nini nikae wakati naweza kulala?

Alhamisi, 28 Novemba

Nimempelekea Mwalimu bajia na wazo. Bajia alikula, wazo alilimeza zima. Ni Mshambaa wa milimani, amekaa pwani miaka thelathini, na mambo ya pwani bado yanamsisimua. Alikata neno kiti, akaandika kitanda. Kalamu yake ilinipendeza.

Akauliza nani atamwonyesha taratibu za uzazi sawasawa. Nikamtaja Bi Semeni, aliyehudumia wazazi nusu ya Mabawa. Akasema basi Bi Semeni akae kwenye meza ya wachujaji. Sikumwambia kwamba Bi Semeni ni jirani yangu ukuta kwa ukuta, na Damari huwa analala kwake kuliko kwangu. Hakuuliza.

Nikaenda kwa Bi Semeni, shikamoo bibi, marahaba mwanangu. Akauliza kama kwenye hiyo Krismasi yetu ataingia na buibui lake. Nikamwambia aingie nalo. Akasema anakuja, Bibi Mariamu si wenu peke yenu. Halafu akauliza kama ukumbini kuna jiko. Nikasema lipo. Sikumwuliza la nini.

Jumamosi, 30 Novemba

Naandika kwa mkono mmoja, Damari yuko kifuani.

Queen alianza. Alilala ubavu, kucha zote kumi nje, kama tangazo la sabuni. Sentensi tisa bila kukosea. Bi Semeni akauliza huyu kajifungua au anasubiri kupigwa picha. Nikafurahi, mapema mno.

Zamu yangu. Godoro, mto, shuka. Mchana kweupe nimelala chali na hakuna aliyenipandia tumboni. Nilikuwa kwenye sentensi ya pili Bi Semeni aliposimama na kuuliza maji yako wapi. Mwalimu akauliza maji gani. Akasema mzazi halazwi hivi hivi kama gunia la nazi, mzazi anakandwa. Akaamuru wanaume wote wageukie ukutani. Yusufu, wachungaji, Mwalimu mwenyewe, wote wakageuka. Ndipo nikaliona sufuria. Lilikuwa jikoni tangu asubuhi, na majani ya mwarobaini ndani, linatokota.

Nilidhani ni la kuigizia. Halikuwa la kuigizia.

Taulo la kwanza nilivumilia. La pili nilimwita marehemu bibi yangu. La tatu nilisema maneno ambayo Maria hakuyasema, tena kwa Kibondei. Bi Semeni akanibonyeza tumbo, akabonyeza tena, akauliza kwa sauti ya ukumbi mzima, huyu wa pili ulikandwa na nani? Mimi nilishamwambia nilikandwa kwa mama mkwe, Muheza. Ukweli ni kwamba siku ya kumi na mbili nilikuwa nachota maji. Akasema, mwanangu, mdomo umenidanganya lakini tumbo limekataa. Akachovya taulo la nne.

Mwalimu, uso ukutani, akasema hisia zimekuwa nzuri sana.

Queen alipoambiwa naye akandwe ili haki itendeke, alikumbuka kuna mteja anamsubiri. Mwalimu akaamua turudie Jumatano kwa mara ya mwisho. Queen akasema atakuja, ila atakaa kwenye kiti kama ilivyoandikwa mwanzo. Mwalimu akasema ataona.

Jumapili, 1 Desemba

Tumbo linawaka, ila mgongo umelegea. Hilo Bi Semeni asilijue.

Daniel kaniuliza nikishakuwa mama wa Yesu, mama yake yeye atakuwa nani. Nikamshika mashavu nikamwambia ni mimi, leo na kesho na siku zote. Na kwa kuwa ni mimi, amalize uji. Akamaliza.

Damari aliamka saa nane, saa tisa na saa kumi. Baba watoto hakuamka hata moja. Nafasi hii lazima niipate. Kinachonishinda ni maji tu.

Jumatano, 4 Desemba

Nilifika mapema. Bi Semeni alipokwenda kuswali alasiri nilimimina nusu ndoo ya maji baridi kwenye sufuria lake, nikarudisha mfuniko, nikakaa mbali kama mgeni.

Alirudi akatia kidole. Akasema jiko lenu hili halina moto. Hakupoteza muda. Akachovya taulo kwenye vuguvugu lile, akanikunjulia tumboni, akapaka mikono mafuta ya nazi, akaanza miguuni, polepole.

Sentensi ya kwanza nakumbuka niliisema.

Yanayofuata nimeyapata kwa baba watoto, aliyekuwa mlangoni na watoto wote wawili. Yusufu aliniita mara tatu. Mamajusi walifika, wakapiga magoti, wakaniwekea zawadi kifuani, nikageukia upande wa pili zikaanguka. Anasema nilikoroma. Mwalimu alitaka niamshwe. Bi Semeni akasimama katikati na kumwambia mzazi haamshwi, na kama mchezo ni mchezo basi wachezee kule.

Wakachezea kule. Nilipofungua macho saa mbili zilikuwa zimepita na mtu anafagia kuzunguka godoro. Bi Semeni alikuwa ananipepea kwa upande wa kanga, Damari amelala mapajani pake. Aliniambia nirudi kulala. Kwa mbali, kwenye kiti, Queen alikuwa anamalizia sentensi ya tisa. Wakampigia makofi.

Mwalimu amefuta neno kitanda. Anasema linaangusha mchezo. Queen ndiye Maria. Nililia kidogo, lakini macho hayakuwa mekundu. Kwa mara ya kwanza tangu Machi, alipozaliwa Damari, yalikuwa meupe kabisa.

Halafu Mwalimu akasema yeye hatupi mtu. Amenipa nafasi ya mke wa mwenye nyumba ya wageni.

Ijumaa, 6 Desemba

Zoezi la kwanza. Baba watoto ametimiza ahadi, Daniel alisimamia. Walinisindikiza hadi mlangoni, wakaniambia nikapumzike.

Mke wa mwenye nyumba anafungua mlango. Anafunga. Analeta mkeka, majani, taa, maji. Anafukuza mbuzi. Nimehesabu, anaingia jukwaani mara ishirini na sita na hakuna mahali ameandikiwa kukaa. Queen nimempelekea maji mara nne kwa sababu Mwalimu hakupenda tatu za mwanzo. Mara ya nne Maria alinong'ona, asante mama wa gesti, ila mimi sitaki ya moto.

Wakati wa mapumziko viti vilikuwa vimejaa wachungaji. Nikamsogelea Mwalimu nikamwuliza Pasaka watacheza nini. Akasema hajaamua. Nikamwambia kuna habari ya Lazaro, inagusa sana, watu watalia. Akasema Lazaro ni mwanamume. Nikamwambia akishafungwa sanda uso mzima nani atajua? Akatoa kalamu.

Nimeisoma habari yenyewe usiku huu. Lazaro hana sentensi hata moja. Yuko kaburini siku nne, gizani, kwenye ubaridi, na mlango wa jiwe. Kasoro ni moja tu, kwamba anakuja mtu kumwita atoke.

Nimeshaanza kufikiria namna ya kumchelewesha huyo mtu.