Mbuzi wa Ukutani

Jumatatu, tarehe 4 Mei
Barua imefika. Mkaguzi wa majengo ya kale anakuja Ijumaa kuona tunavyolitunza kanisa letu. Asiporidhika, linatiwa kufuli. Mwenyekiti wa kamati ya ukarabati ni mimi, mtu niliyeona makanisa makuu ya ng'ambo, japo kwenye kalenda. Mama yangu ameshatangaza kwamba likifungwa hasali kwingine. Amekaa benchi la tatu, pembeni ukutani, miaka hamsini.

Na ukuta wenyewe ni huo wenye doa la unyevu, umbo la mbuzi. Mwalimu wa kwaya, anayeutaka uenyekiti wangu mpaka anauota, aliniuliza mbele za watu kama mbuzi wangu ana mimba, mbona tumbo linakua. Nikacheka na wengine. Moyoni nalia.

Jumanne, tarehe 5 Mei
Nimemwita shemeji, mdogo wa mke wangu, fundi wa chokaa hodari kuliko wanaume wote niwajuao, mimi nikiwemo. Akaugonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akasikiliza kama daktari. Akasema ukuta hauna ugonjwa, ugonjwa uko juu, kwenye mifereji ya paa: imeziba, maji yanarudi ndani. Akanionya nisiuguse kwa saruji. Ukuta wa chokaa unapumua, saruji itauziba pumzi.

Halafu akauliza mifereji ilisafishwa lini. Nikamjibu shemeji, kila mwezi, daftari la matunzo lipo, na saini yangu ipo.

Ipo kweli. Zote kumi na mbili. Nilizitia Januari, siku moja, kalamu moja, niondokane na usumbufu. Siku ile nilijiona nina akili nyingi. Leo ndiyo nimekumbuka kuwa tuko Mei.

Jumatano, tarehe 6 Mei
Shemeji ana kazi mji wa pili. Nimempiga mbuzi saruji, na rangi juu yake. Ukuta unang'aa kama sahani. Mama alikuja kusali, akanusa, akasogea kidogo kwenye benchi. Mama akisogea, mimi hupungua kilo.

Alhamisi, tarehe 7 Mei
Maji yametafuta mlango mwingine. Doa jipya limetokea kando ya saruji, dogo, lina miguu. Mwalimu wa kwaya alilitazama kwa utulivu, akanipa hongera: amezaa.

Nimesukuma kabati la vitabu vya nyimbo likawafunika mbuzi na mwanawe. Likabaki daftari. Kuchana siwezi, mwaka mzima uko ukurasa mmoja. Nikalimwagia chai kwa bahati mbaya niliyoipanga vizuri. Chai ikaishia Machi.

Ijumaa, tarehe 8 Mei
Mkaguzi kumbe binti mdogo, mpole, mwenye tochi. Wapole ndio wabaya. Akaomba kabati lisogezwe. Akagusa saruji kwa kidole, ikabanduka kipande kizima, kikaanguka miguuni pa Mama. Akafungua daftari. Akasoma polepole. Akaniuliza mifereji ilikuwaje mwezi Novemba. Nikasema misafi kabisa. Akauliza Novemba ipi.

Nikainama kuokota saruji. Mama ndiye aliyesimama. Akamwambia yule binti amsamehe, huyu mwanawe tangu utotoni alikuwa anasema ameshaoga na maji bado yako jikoni. Ila kanisa halina kosa, asilifunge kwa sababu yake.

Mkaguzi akacheka, kisha akaacha kucheka. Ametupa miezi sita. Saruji ibanduliwe, shemeji aweke chokaa, mifereji isafishwe kila mwezi na saini ziwe mbili: yangu na ya mwalimu wa kwaya. Heri angenichapa.

Jumamosi, tarehe 9 Mei
Nimepanda kwenye mifereji. Mwalimu wa kwaya kashika ngazi, anaitikisa na kusema ni upepo. Nimetoa viota, mpira, na mti wenye urefu wa mkono wangu. Chini ya mti, kofia yangu niliyomsingizia mwalimu wa kwaya kuiiba. Kumbe niliivua mara ya mwisho nilipopanda. Miaka mitatu iliyopita. Nikaisokomeza ndani ya shati, nikawa na kitambi kipya.

Nikamwaga ndoo ya kwanza. Maji yakaenda yanakotakiwa. Mama, chini, alipiga makofi. Machozi yalinitoka, nikasingizia vumbi.

Jumapili, tarehe 10 Mei
Mama amekaa mahali pake, ukuta kando yake umebanduliwa saruji, mtupu, unapumua. Shemeji anasema utakauka tukiwa waaminifu.

Nimekabidhiwa daftari jipya. Nimeshalijaza hadi Novemba. Safari hii sikufanya ujinga: nimebadilisha kalamu, na saini ya mwalimu wa kwaya ni rahisi kuiga, kama ndoano. Yangu ya Oktoba nimeitia kwa mkono unaotetemeka kidogo, maana mwezi huo huwa nina mafua.