Mume Wangu Amenitoa Jikoni kwa Kotleti

Masuguru, Korogwe
9 Novemba 1911

Kwa Kaka yangu Mwalimu Isaka,

Shikamoo kaka. Nakuandikia nikiwa nje ya nyumba yangu mwenyewe, nimekalia kigogo cha kuni, kwa sababu ndani hapana nafasi yangu. Afya tunayo na mvua zimeanza. Mema yameishia hapo.

Wewe ndiwe uliyepokea posa ya Semboja miaka kumi na moja iliyopita. Uliniambia, "Lea, huyu ni mtu mpole, hatakusumbua." Kwa hiyo malalamiko haya nayaleta kwako kwanza, kabla mchungaji hajayasikia, ili kulinda heshima yako.

Unajua kuwa Semboja alikuwa mpishi wa Bwana mmoja Mdachi wa kazi za reli hapa Korogwe. Mwezi wa saba Bwana yule alirudi kwao Ulaya, akamwachia Semboja kikaango cha chuma chenye mpini mrefu. Nilidhani atakitundika ukutani kiwe kumbukumbu. Kesho yake aliingia jikoni kwangu, akaniomba kwa adabu nisogee kidogo. Kaka, nilisogea, na mpaka leo sijarudi.

Makosa yake nimeyahesabu bila chuki, nayo ni haya.

La kwanza ni mkate. Ananunua mkate wa boflo mzima kwa Mhindi wa karibu na stesheni, halafu haturuhusiwi kuula. Anauanika darini siku tatu hadi ukauke kama gome la mti, kisha anautwanga kinuni. Nilimwuliza, "Baba Filomena, huo si ulikuwa unga?"

Akasema, "Ndiyo."

"Ukawa mkate?"

"Ndiyo."

"Na sasa?"

"Sasa ni chenga," akasema, akaendelea kutwanga.

Mimi nimetwanga tangu utoto, lakini sijapata kutwanga kitu kilichokwisha kupikwa.

La pili ni mkono wa kushoto. Hizi chenga ni za kuvalisha nyama ya nguruwe, ile ya ubavu yenye mfupa wake, ambayo yeye anaiita kotleti. Anaitia chumvi na pilipili manga, kisha anapanga sahani tatu: ya unga, ya mayai yaliyopigwa, na ya chenga. Kwenye unga na chenga anatumia mkono wa kulia. Kwenye mayai anatumia wa kushoto, ili vidole visigandwe. Anasema ndivyo alivyofundishwa na mke wa yule Bwana. Mkono wa kushoto, kaka, ndani ya chakula cha watu, na mama yake mzazi ameketi anatazama.

Huyo mama mkwe, Bibi Hosiana, nilimwita mimi mwenyewe. Anakaa Chanika, kule Handeni, kwa mwanawe mkubwa. Nilimpelekea habari kwamba Semboja amepotea na aje anisaidie kumrudisha. Alitembea siku tatu. Nilitegemea atamkemea. Aliutazama ule mkono wa kushoto, akasubiri mafuta yachemke, akala kotleti ya kwanza, akala ya pili, akafyonza mfupa. Kisha akanigeukia mimi, akaniuliza kwa upole kabisa, "Na wewe mwanangu, unajua kupika nini?" Hayo yalitokea wiki tatu zilizopita, na hajaondoka.

La tatu ni aibu ya mtaa mzima. Kabla ya kuvalishwa, nyama hiyo hupigwa kwa mchi wangu hadi iwe nyembamba. Jumamosi moja mwezi wa tisa Semboja alifunga mlango kwa sababu ya kuku, akaanza kupiga. Mimi nilikuwa mtoni. Majirani walisikia kishindo juu ya kishindo, na sauti yake ikisema, "Tulia. Tulia wewe, nimalize." Nyama ilikuwa inateleza. Niliporudi na mtungi kichwani, nilimkuta Jumbe Sadala mlangoni pamoja na wanaume wanne. Akaniangalia toka juu mpaka chini.

"Mama Filomena, umeumia wapi?"

Nikamwambia sijaumia.

"Basi humo ndani anapigwa nani?"

Ilinibidi niseme mbele ya watu wote kwamba anapigwa nguruwe. Jumbe ni Mwislamu mcha Mungu, na mkono wake ulikuwa tayari umeshika mlango. Aliuondoa haraka, akaupangusa kwenye kanzu, kisha akaitazama kanzu kwa masikitiko. Wanawake waliokuja kunionea huruma walirudi nayo makwao. Tangu siku hiyo, nikifika mtoni wananyamaza.

La nne, sina wa kunitetea. Nilikwenda kwa Mzee Mwinjuma, mwenye shamba la mahindi ng'ambo ya mto, upande wa Korogwe ya Kale. Nguruwe mwitu wakinasa kwenye mitego yake, yeye hawagusi, humwita Semboja aje awaondoe na nyama iwe yake. Nilidhani yeye, kwa dini yake, atakubali kuikomesha biashara hii. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Binti yangu, mimi nguruwe simjui, awe shambani au awe sahanini. Lakini tangu mumeo aanze kuwaondoa, mwaka huu mahindi yangu yamefika ghalani. Mwambie namsalimu." Akanipa na mahindi sita.

La tano nitalisema kwa ufupi maana linauma. Juzi nilipata nafasi ya kupika mboga ya mchunga na bada, ule ugali wetu wa muhogo, Semboja akiwa amekwenda dukani. Filomena alitazama sahani yake, akaniuliza, "Mama, mboga hii mbona haijavaa?"

La sita, kotleti zenyewe ni tamu. Hili naliandika kwa uchungu. Ganda lake linalia katika meno, na ndani nyama ni laini hata Bibi Hosiana, mwenye meno manne, haombi msaada. Ingekuwa mbaya, ningekuwa nimeshinda kesi hii tangu Agosti.

Kwa hayo yote naomba mambo matatu. Uje na wazee wawili wa kanisa, mkae naye, mmwulize kama mimi ni mke au mgeni. Pili, akikataa kutoka jikoni, basi apewe na yaliyobaki: achote maji, aokote kuni, akae mtoni na wanawake wakinyamaza. Tatu, na hili ndilo kubwa, umtafutie kazi kwa Wazungu, popote, hata huko mbele reli inakokwenda, hata akae mwaka mzima. Aende na kikaango chake, nami nirudi mbele ya mafiga yangu nikiwa mtu.

Nisalimie wifi, nisalimie watoto wa shule wote, na yule mama wa jirani yenu aliyekuwa na kikohozi. Bibi Hosiana anakusalimu, na yeye anasema tusigombane.

Ni mimi dada yako mwenye subira,
Lea

Nyongeza. Sijaifunga barua, amefika mjumbe wa Bwana mpya wa reli, kutoka kambi ya huko karibu na Moshi. Wanamtaka Semboja aanze mara moja, akae mwaka. Semboja alikuwa ameshuka mtoni kuosha sahani, nami nilikuwa peke yangu. Nilifungua mdomo nimwite. Hapo nikawaza ile miaka minane aliyompikia Mdachi. Kila jioni alirudi akinukia vitu ambavyo hatujavionja, akaketi, akala nilichopika, akasema ahsante. Nikamwambia mjumbe kwamba Semboja amesahau kupika, siku hizi anaunguza kila kitu. Mjumbe akanusa, akatazama jikoni, akanitazama mimi. Nikamfungia kotleti moja katika jani la mgomba ili asiulize zaidi, akaenda zake. Semboja hajui, na wewe usimwambie. Wale wazee wawili waache huko huko. Njoo Jumapili na wifi, na msile njiani.