Kiingereza cha Kumleta Lenlen

Jumatatu, 3 Juni

Ng'ombe wamekaushwa maziwa, hakuna kukamua mpaka wazae. Juni ya huku ni baridi ya kukata masikio. Mume wangu Rodel yuko nyumbani mapema, nafasi ndiyo hii. Mtihani wa Kiingereza ni Jumamosi ya wiki ijayo, kule Dunedin. Akipata sita na nusu tunaomba ukaazi wa nchi hii, na binti yetu Lenlen anatoka kwa mama yangu, kwetu Iloilo, anakuja kulala na sisi. Asipopata, atatimiza miaka sita bila sisi kama alivyotimiza mitano.

Mara ya kwanza Rodel alipata sita. Sita! Mtu anayesimamia kundi zima la ng'ombe wa watu, anayevuta ndama kwa mikono yake, amekwama kwa nusu alama.

Nimetoa amri. Nyumba hii sasa ni Kiingereza tupu. Atakayeteleza akasema Kiilonggo, lugha ya kwetu, hali wali usiku huo. Anakula viazi. Rodel akaniuliza, kwa Kiilonggo, kama nina homa.

Viazi!

Jumatano, 5 Juni

Nimekula viazi jana na leo. Jomar, mdogo wake Lenlen, kaanguka kitandani. Mama gani anapiga yowe kwa Kiingereza mtoto mchanga akianguka?

Rodel kagundua dawa: hasemi kabisa. Akitaka chumvi, kidole. Nepi ya Jomar imejaa, kidole. Naishi na bubu.

Nikamtuma kwa bosi, Bwana Tulloch, mzaliwa wa hapa hapa Southland, wakazungumze. Wamekaa bandani asubuhi nzima. Aliporudi nikamuuliza wameongea nini. Akasema bosi alisema mvua. Kisha wakamtazama mbwa. Kisha bosi akasema mvua tena.

Ijumaa, 7 Juni

Nimekwenda kwa Dada Nenita, jirani wa shamba la pili, mhamiaji kama sisi. Mumewe alifaulu mtihani huu mwaka jana, na tangu hapo mama huyu anatembea kama mke wa gavana. Nikampelekea pudini ya mayai. Akaonja, akasema imelegea kidogo, lakini hanilaumu, watu wa Iloilo tunapenda vya kulegea. Nikameza.

Nimetoka na karatasi! Majibu ya mumewe neno kwa neno. Habari za bibi yake aliyemfundisha kupanda maua ya okidi. Kiingereza laini kama siagi. Akaninong'oneza, "Mdogo wangu, hii ni siri yako na yangu."

Rodel akasoma, akasema bibi yake yeye aliuza samaki sokoni na hakupanda hata kitunguu. Nikamwambia, "Baba Lenlen, kwa sasa bibi yako ni huyu. Usitoke nje ya karatasi hata kidogo."

Jumapili, 9 Juni

Siku ya simu ya video ya Lenlen. Amri ni amri. Tena niliona ni vizuri, naye aanze kuzoea. Nikamsalimu kwa Kiingereza, nikamuuliza habari za shule. Rodel naye akamuuliza kama amekula. Mtoto akamgeukia mama yangu, nikamsikia, "Bibi, hawa ni akina nani? Mbona wamevaa uso wa mama na baba?"

Mama akaja juu. "We Analyn, una wazimu? Sema na mwanao!"

Rodel akaninyang'anya simu, akamwambia kwa Kiilonggo ni baba, mwanangu, ni baba tu.

Akala viazi. Hakunung'unika. Mimi sikuteleza, lakini wali haukupita.

Jumamosi, 15 Juni

Dunedin. Nilingoja garini na Jomar. Rodel akatoka amepauka.

Mtahini, mama wa makamo mwenye miwani, alimwambia amweleze habari za mtu aliye mbali ambaye anamkumbuka. Rodel akaanza na okidi. Yule mama akaweka kalamu chini. Akasema, kwa upole kabisa, kwamba bibi huyu ana wajukuu wengi. Asubuhi ile tu amekutana na watatu, wote wakamuaji wa ng'ombe.

Nenita! Siri yako na yangu! Kaiuza Southland nzima kwa pudini!

Nikamuuliza Rodel kwa nini hakuiacha karatasi akamtaja Lenlen. Akasema, "Uliniambia nisitoke nje."

Hakusema kwa hasira. Bora angekasirika.

Alhamisi, 27 Juni

Matokeo. Kusikiliza vizuri, kusoma vizuri. Kuzungumza kumemvuta chini. Jumla: sita.

Nikampigia mama. Akasema Lenlen ameacha kuuliza tutamchukua lini. Siku hizi anawaambia watoto wa jirani kwamba wazazi wake wanaishi ndani ya simu.

Nikafungulia bomba la jikoni nikalia chini ya kelele ya maji. Dada Nenita akapita kutoa pole na kurudisha bakuli langu. Halikuoshwa vizuri.

Jumapili, 30 Juni

Nimegundua kosa lilipokuwa. Karatasi ilikuwa ya watu! Nimeandika ya kwetu wenyewe, ya Lenlen. Jinsi tulivyomwacha uwanja wa ndege amelala begani kwa bibi yake, jinsi kiatu chake kimoja kilivyobaki mkobani mwangu. Aya tatu, kila neno nimelihakiki kwenye kamusi. Nimemwekea Rodel alama mahali pa kunyamaza na mahali pa kumeza mate. Mtihani mwingine ni mwisho wa Julai, kabla ndama hawajaanza kuzaliwa. Dada Nenita kaomba aione. Nimekataa katakata. Nimempa aya moja tu, kwa samaki wakavu, na ameapa hamwonyeshi mtu.

Jioni simu ikalia. Lenlen. Rodel alikuwa katikati ya aya ya pili, pale penye "namkumbuka binti yangu kila siku", na kwa mara ya kwanza ilikuwa inatoka bila kukwama. Akanyoosha mkono kuichukua.

Nikailaza simu kifudifudi. Nikamwambia amalize kwanza.